Nyuma ya kioo kuna mtu

Ndugu zangu, leo tuziweke pembeni habari za Bunge na za Simba na Yanga. Tuongee kuhusu kioo.

Simaanishi kile cha saluni, wala kile cha chumbani unachogombania na dada zako kila asubuhi. Namaanisha kioo cha kukagulia. Unakijua. Ni kile anachokizungusha mlinzi chini ya gari ukifika geti la hoteli kubwa Dar es Salaam au Nairobi. Ni kile cha duara, kidogo kama sarafu, anachokiingiza daktari wa meno mdomoni mwako huku ukijikaza usikitafune. Ni kile ambacho fundi gereji anakivuta kama antena ya redio ili aone mafuta yanavujia wapi nyuma ya injini. Kazi yake ni moja tu: kulipeleka jicho mahali ambapo kichwa hakifiki.

Sisi wa magazeti tumefundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Tunawauliza mawaziri, tunawauliza makamanda wa polisi. Kioo hatujawahi kukiuliza kitu. Kimetengenezwa na nini? Nani alikipaka huo mng'ao? Ilimgharimu nini? Nimejaribu kufuatilia maswali hayo, na majibu yake yamenifikisha mbali kuliko nilivyotarajia: Bavaria, Paris, Zanzibar, na mwisho yakanirudisha Geita.

Tuanze na jaribio dogo, hata sasa hivi. Chukua kalamu, igusishe ncha yake kwenye kioo cha kawaida cha nyumbani. Utaona ncha ya kalamu na ncha ya picha yake hazikutani. Kuna nafasi katikati. Nafasi hiyo inatokana na unene wa kioo kitupu, kwa sababu mng'ao umepakwa mgongoni, siyo usoni. (Kiswahili chetu kinatumia neno kioo kwa dirisha na kwa kitu cha kujitazamia, kwa hiyo nikisema kioo kitupu nina maana kile cha dirishani, kisicho na mng'ao.) Kumbuka jaribio hili, tutalirudia.

Zamani hapakuwa na kioo kitupu wala mgongo. Watu walijitazama katika jiwe. Huko Çatalhöyük, Uturuki ya leo, wanaakiolojia wamefukua vioo vya jiwe jeusi la volkano, vilivyosuguliwa hadi vikang'aa, vyenye umri wa miaka zaidi ya 8,000. Baadaye ikaja shaba, na mchanganyiko wa shaba na bati. Ukiweka sehemu mbili za shaba na moja ya bati unapata madini meupe magumu yanayong'arika vizuri sana, lakini huchujuka haraka na kurudi kuhitaji kusuguliwa.

Kilichobadilisha mambo ni zebaki. Kuanzia karne ya 16, mafundi wa kisiwa cha Murano, Venice, wakawa ndio mabingwa wa vioo Ulaya, na wivu wa siri yao haukuwa mdogo. Mbinu yenyewe ilikuwa hivi. Unatandaza karatasi nyembamba ya bati juu ya meza ya jiwe iliyonyooka. Unaimwagia zebaki, ile madini inayotiririka kama maji. Unatelezesha kioo kitupu juu yake taratibu ili hewa isiingie. Unapanga mizigo juu, unainamisha meza kidogo, na unaacha zebaki iliyozidi ichuruzike kwa siku nyingi. Bati na zebaki vinashikana na kuwa tabaka moja linalong'aa. Geuza kioo, jitazame.

Kwa zaidi ya miaka 300, tajiri wa Ulaya alipojitazama alikuwa anaitazama zebaki.

Sasa kioo cha kukagulia kinaingia wapi? Mtu wa kumshukuru siyo daktari. Ni mwalimu wa kuimba.

Manuel García alizaliwa Hispania mwaka 1805, na aliishi hadi 1906, yaani alifikisha miaka 101. Alikuwa anafundisha waimbaji wa opera, na swali moja lilimkosesha usingizi: sauti inatokea vipi? Watu walikuwa wamekata makoo ya maiti na kuyachora, lakini maiti haiimbi. García alitaka kuona nyuzi za sauti za mtu aliye hai, zikifanya kazi. Hata kabla yake, mwaka 1829, daktari Benjamin Guy Babington alikuwa ameonyesha London kifaa cha kutazamia koo kwa kioo, lakini hakikuenea.

Septemba 1854 García alikuwa Paris. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akitembea akaona jua likimulika kwenye vioo vya madirisha, na hapo hapo wazo likamjia: vioo viwili! Kimoja cha kupeleka mwanga, kingine cha kurudisha picha. Akaenda kwa Charrière, mtengenezaji mashuhuri wa vifaa vya upasuaji, akauliza kama kuna kioo kidogo chenye mpini mrefu. Kilikuwepo kimoja cha madaktari wa meno. Kilikuwa kimepelekwa kwenye maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 na kikadoda. García akakinunua kwa faranga sita.

Akaenda nyumbani, akakipasha kwa maji ya moto, akakifuta, akakiweka nyuma kabisa ya koo lake, na kwa kioo kingine cha mkononi akaelekeza mwanga wa jua mdomoni. Akaziona. Nyuzi za sauti zake mwenyewe zikifunguka na kujifunga. Kwa nini alikipasha? Kwa sababu pumzi yako ina mvuke, na mvuke ukigusa kitu cha baridi unageuka matone. Kioo baridi mdomoni kinakuwa kama kioo cha daladala siku ya mvua. Mpaka leo daktari wa koo anayetumia kioo anakipasha kwanza. Mwaka 1855 García alipeleka matokeo yake kwenye Royal Society ya London, na ndani ya miaka mitatu madaktari Ludwig Türck wa Vienna na Johann Czermak wakaigeuza mbinu ya mwalimu wa muziki kuwa fani ya tiba.

Hadithi ya García inasimuliwa sana, na inastahili. Lakini mimi nimekwama kwenye kile kioo cha faranga sita. Vioo vidogo vya kitabibu vya enzi hizo vilikuwa vya chuma kilichosuguliwa, au vya kioo kitupu chenye mgongo wa bati na zebaki. Nani alikuwa anaupaka huo mgongo?

Katika karne ya 19 moja ya miji mikuu ya kazi hiyo ilikuwa Fürth, Bavaria, kusini mwa Ujerumani, jirani na Nürnberg. Waliopaka zebaki, wengi wao wakiwa wanawake, walifanya kazi katika vyumba vilivyofungwa ili vumbi lisiingie na kuharibu vioo. Vumbi halikuingia, na mvuke wa zebaki haukutoka. Zebaki hugeuka mvuke hata bila moto, kwa joto la kawaida la chumba. Huuoni, huunusi. Unauvuta siku nzima, unaenda nao nyumbani kwenye nguo na nywele.

Mwaka 1861 daktari Adolf Kussmaul alichapisha kitabu kizima kuhusu sumu ya zebaki, na msingi wake ulikuwa watengeneza vioo wa maeneo hayo. Mikono inatetemeka mpaka mtu anashindwa kujilisha. Mate yanatoka bila kukoma. Ufizi unavimba na kutoa damu, meno yanalegea, yanadondoka. Na kuna dalili moja ya ajabu: mgonjwa anaingiwa na haya na woga asioweza kuueleza. Akitazamwa tu, anachanganyikiwa, mikono inatetemeka zaidi.

Hebu tafakari hilo. Mtu anatengeneza vioo, na kazi yenyewe inamfanya asiweze kuvumilia kutazamwa. Anapaka mng'ao ambao daktari wa meno atautumia kuchungulia meno ya mteja, na meno yake mwenyewe yanadondoka moja baada ya jingine.

Utasema, basi sayansi ilikuwa bado haijafika huko. Hapana! Hapa ndipo habari yenyewe ilipo.

Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alikuwa ameshagundua kwamba ukichukua maji yenye chumvi ya fedha na kuyachanganya na kemikali fulani, fedha inajitenga na kujibandika kwenye ukuta wa chupa. Chupa inageuka kioo. Bila zebaki. Miaka ya 1850 aliiboresha mbinu hiyo, na ikatumika kwenye vioo vya darubini za wanajimu. Tabaka la fedha linalohitajika ni jembamba mno. Kwa unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, eneo la mita moja ya mraba linakula kama gramu moja tu ya fedha. Liebig alijua hali ya wafanyakazi wa zebaki, na alitaka mbinu yake iwaondoe pale. Kiwanda kikafunguliwa huko Doos, karibu kabisa na Fürth.

Kikafa baada ya miaka michache. Wanunuzi hawakuvutiwa. Vioo vya fedha vilikuwa na bei ya juu kidogo, na vilimwonyesha mtu akiwa na rangi ya umanjano kidogo. Zebaki ilikuwa na weupe wa baridi uliozoeleka, na mteja anataka aonekane mweupe kwenye kioo chake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: upande mmoja rangi ya uso wa mnunuzi, upande mwingine meno na akili za mfanyakazi. Soko likachagua rangi.

Kilichomaliza kazi ya zebaki hakikuwa ugunduzi mpya. Ilikuwa sheria. Mwaka 1889 serikali ya Bavaria iliweka masharti makali kwa viwanda hivyo, ya saa za kazi na hewa ndani ya vyumba. Ghafla zebaki ikawa ndiyo ghali. Ndani ya muda mfupi watengenezaji wakahamia kwenye fedha, na wale wateja waliolalamikia umanjano wakazoea. Toka 1835 hadi 1889 ni miaka 54. Maarifa yalikuwepo miaka yote hiyo, yamekaa kwenye chupa.

Tuhame kwenye uso wa kioo, tushuke kwenye mpini, maana nako kuna watu wetu.

Vioo vya madaktari wa meno vya karne ya 19 mara nyingi vilikuwa na mpini wa mfupa, wa mpingo, au, kwa daktari wa wateja wenye uwezo, pembe ya ndovu. Pembe ilipendwa kwa sababu haitelezi mkononi, inachongeka, na inapendeza. Na soko kuu la pembe la dunia wakati huo lilikuwa Zanzibar. Pembe ya Afrika Mashariki ni ile laini, ambayo wachongaji wa London na Marekani waliigombania kwa vifunguo vya piano, mipira ya biliadi, vichana na mipini ya vifaa vidogo. Iliteremshwa kutoka bara hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, safari ya miguu ya miezi. Ndovu wakaisha pwani, misafara ikazidi kwenda ndani hadi Manyema.

Nadhani ni vizuri tujue hilo. Tumezoea kufikiri kwamba vifaa vya hospitali vimetoka "kule" na vimetufikia kama msaada. Sehemu ya malighafi yake ilitoka huku, kwa miguu.

Mpini wa pembe uliuawa na vijidudu. Kuanzia mwaka 1867, Joseph Lister alipotangaza njia zake za kuzuia vidonda kuoza, na baada ya Charles Chamberland kutengeneza chungu cha kutakasia vifaa kwa mvuke wenye shinikizo mwaka 1879, kila kifaa kinachoingia mwilini kilianza kuulizwa swali moja: utavumilia kuchemshwa? Pembe haivumilii. Inapasuka, inapinda, inabadilika rangi. Mpaka mgongo wa kioo cha zamani nao ulikuwa haupatani na moto wala maji, unabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Chuma cha kawaida kinavumilia moto, lakini kinashika kutu. Jibu likapatikana Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, pale Harry Brearley alipotengeneza chuma kisichoshika kutu kwa kukichanganya na kromiamu. Inasemekana visu na uma ndivyo vilivyokipa umaarufu, lakini mikononi mwa madaktari ndipo kilipopata kazi isiyo na mbadala.

Sasa turudi kwenye lile jaribio la kalamu. Ile nafasi kati ya ncha na picha inaleta tatizo. Uso wa mbele wa kioo kitupu nao unaakisi kidogo, kama asilimia 4 ya mwanga. Kwa hiyo unapata picha mbili: moja kali kutoka mgongoni na nyingine hafifu kutoka usoni. Sebuleni huioni. Lakini daktari anayetafuta ufa mwembamba kama unywele nyuma ya jino, picha mbili ni balaa. Ufa upo, au ni kivuli chake?

Dawa yake ni kuupaka mng'ao usoni, siyo mgongoni. Fedha haifai, kwa sababu hewa yenyewe inaifanya nyeusi. Aluminiamu inafaa zaidi: miaka ya 1930 Mmarekani John Strong wa California alionyesha namna ya kuivukiza ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, ikatua kwenye kioo kama umande. Mwaka 1935 kioo cha darubini kubwa ya Mount Wilson, chenye upana wa inchi 100, kikapakwa hivyo. Ila aluminiamu usoni inakwaruzika ukiifuta kwa kitambaa, na daktari anafuta kioo chake mara kumi kwa mgonjwa mmoja.

Ndiyo maana kioo kizuri cha daktari wa meno kimepakwa rodiamu. Hii ni ndugu ya platinamu, iliyogunduliwa na William Hyde Wollaston, London, mwanzoni mwa karne ya 19. Ni madini adimu kuliko dhahabu, na kwa vipindi virefu bei yake imekuwa juu ya dhahabu mara kadhaa. Kwa kuakisi inashindwa na fedha: fedha inarudisha zaidi ya asilimia 95 ya mwanga, rodiamu chini ya 80. Lakini ni ngumu, haichujuki, haishiki kutu, na inavumilia mvuke wa nyuzi 134 kila siku. Daktari anakubali mwanga pungufu ili apate picha moja ya kweli. Kile kiduara cha milimita 22 kinachoingia mdomoni mwako kimevaa madini ambayo bibi harusi wengi hawajawahi kuyavaa.

Twende getini.

Kioo cha chini ya gari kina historia ya damu, na haikuanzia kwetu. Tarehe 30 Machi 1979, mbunge Airey Neave, mtu wa karibu wa Margaret Thatcher, aliuawa akitoka kwenye maegesho ya Bunge la Uingereza. Bomu lilibandikwa chini ya gari lake na kikundi cha wapiganaji wa Ireland, INLA. Katika miaka ya vita vya Ireland Kaskazini, polisi, askari na mahakimu walijifunza kuinama kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, na kioo chenye fimbo kikawa kifaa cha nyumbani.

Kwetu kilisambaa baada ya Agosti 7, 1998. Sihitaji kuwakumbusha wa Dar na Nairobi. Mabomu mawili, asubuhi moja, balozi mbili za Marekani. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, na miongoni mwa waliokufa Dar walikuwemo walinzi waliokuwa kazini. Baada ya hapo kila geti lenye hadhi likawa na mlinzi, na kila mlinzi akawa na kioo.

Lakini angalieni jambo hili. Mabomu ya 1998 hayakubandikwa chini ya gari. Yalipakiwa ndani ya malori, kama mzigo. Kioo cha chini ya gari kinatafuta bomu la 1979 la London, siyo la 1998 la barabara ya Laibon. Si kwamba hakina maana, la hasha, kinaweza kuzuia lile la aina ya kwanza. Ila tumekifanya tambiko. Mlinzi anazungusha, dereva anasubiri, geti linafunguka, kila mtu anajisikia amelindwa.

Na kimetengenezwa na nini? Akriliki, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ambayo Mjerumani Otto Röhm aliiingiza sokoni mwaka 1933 kwa jina la Plexiglas na ambayo ilitumika sana kwenye vioo vya ndege za Vita Kuu ya Pili. Uzito wake ni kama nusu ya kioo kitupu. Ukiigonga kwenye lami haivunjiki vipande. Mgongoni imepakwa aluminiamu, na mara nyingi uso wake umetunishwa kidogo ili uone eneo kubwa kwa mara moja. Kwa kazi ya getini ni malighafi ya busara kabisa. Kasoro yake ni moja, inakwaruzika. Vumbi, mchanga wa barabarani, kitambaa kikavu, miezi sita, na kioo kinakuwa na ukungu usiofutika.

Ukiwa na nafasi, siku moja mwombe mlinzi akuruhusu utazame kioo chake. Angalia kama unaona kitu. Halafu angalia kama kina taa, maana chini ya gari ni giza hata saa sita mchana. Vioo vingi ninavyoviona havina. Basi tuseme ukweli: anayechungulia jino letu amepewa rodiamu, na anayechungulia bomu amepewa plastiki iliyochakaa. Wa kwanza akikosea, tutaumwa jino. Wa pili akikosea, yeye ndiye wa kwanza kufa, kwa sababu amesimama hapo hapo, kainama, kichwa kikiwa mita moja kutoka kwenye bomu. Kioo kipya cha akriliki chenye taa hakigharimu hata tairi moja la gari linalokaguliwa. Tatizo siyo sayansi.

Na hapo ndipo mtiririko mzima wa historia hii unaponifikisha. Kila safari malighafi bora ilikuwa inajulikana. Kilichochelewa ni uamuzi kwamba mtu fulani anastahili. Mfanyakazi wa Fürth alisubiri miaka 54 baada ya Liebig. Kilichomwokoa hakikuwa huruma ya mnunuzi, ilikuwa sheria iliyofanya sumu iwe ghali kuliko usalama.

Nimesema tutarudi Geita. Zebaki imeshatoka kwenye vioo, lakini haijatoka kwenye maisha yetu. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita, Chunya na kwingineko, bado inamwagwa kwenye mchanga uliosagwa, inakamuliwa kwa kitambaa na mikono mitupu, kisha inachomwa juu ya moto wa mkaa ili ibaki dhahabu. Mara nyingine mama anafanya hayo mtoto akiwa mgongoni. Mvuke ni ule ule wa Fürth. Kutetemeka ni kule kule. Na kama zamani zile, njia iliyo salama zaidi ipo: chombo rahisi cha kufunika moto kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, hata kinapunguza hasara kwa sababu zebaki inatumika tena.

Dunia ilikubaliana mwaka 2013 kuhusu Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walipewa sumu na kiwanda kilichotupa zebaki baharini. Ulianza kufanya kazi mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2025, mkutano wa nchi wanachama ukaamua kwamba hata ile zebaki ya kuzibia meno, ambayo daktari huitazama kwa kile kioo chake, ikomeshwe ifikapo 2034. Kwenye karatasi tuko vizuri. Lakini sheria ya Bavaria ilifanya kazi kwa sababu mkaguzi alifika kiwandani na mwenye kiwanda alijua kwamba atafika. Je, anafika mwaloni? Akifika, anaingia na macho yaliyofunguka, au anazungusha kioo kilichochakaa na kusema pita?

Mimi sina cheo cha kujibu, nina kalamu ya kuuliza tu. Wewe msomaji unayefanya kazi wizarani, kwenye kampuni ya ulinzi, au unayemiliki karasha huko machimboni kupitia jina la mjomba, unajua unaweza kufanya nini kesho asubuhi. Miaka 54 ni mingi. Wajerumani walau wanaweza kujitetea kwamba walikuwa wa kwanza.